Shangazi, nina jiko la mkaa na gesi ya pleti mbili, ninunue kitabu gani cha mapishi?

Shikamoo shangazi,

Mimi ni baba wa watoto wawili naishi Buswelu hapa hapa Mwanza. Mke wangu mwaka huu kaenda Dodoma kusoma, ni masomo ya miaka miwili, tulikaa tukaongea tukakubaliana aende na watoto wabaki na mimi kwa sababu mkubwa yuko la tatu na mdogo yuko chekechea, hatukutaka kuwahamisha shule. Kwahiyo sa hizi jikoni ni mimi. Mama yangu yuko Magu, kila akipiga simu ananambia tafuta dada wa kazi, mwanaume kushika mwiko kila siku watu watakuonaje, lakini shangazi kiukweli mimi napenda. Nikitoka kazini napitia sokoni, nafika nawasha jiko, watoto wananizunguka na maswali yao mara hiki nini mara nikusaidie kumenya, huo ndo muda wetu na sitaki kuuacha.

Shida ni kwamba najua vitu vichache mno. Ugali dagaa, wali maharage, sato wa kukaanga, mayai, basi, tukimaliza tunaanza upya. Mdogo ameanza kuuliza "baba, leo tena dagaa?" na mkubwa siku hizi anabakiza chakula kwenye sahani. Na hata hivo vichache haviwi vizuri kila siku, sato nikimgeuza ngozi inabaki kwenye kikaango nyama inatoka vipande vipande, maharage ndo usiseme, naweza kuyabandika saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku yanagoma tu, halafu siku nyingine yanaiva mapema na sijui nimefanya nini tofauti.

Rafiki yangu wa kazini alinipa zawadi kitabu cha mapishi cha Marekani, kikubwa kweli kweli, picha zake zinatamanisha. Sasa nikifungua kila ukurasa ni washa oveni 350, weka stiki ya siagi, weka kikombe na nusu cha krimu, na mimi nina jiko la gesi la pleti mbili na jiko la mkaa, oveni sina. Nimejaribu pia kufuata video kwenye simu ila mikono ina unga, simu inajizima, bando linaisha, na anayepika anasema weka chumvi kiasi. Kiasi ndo ngapi shangazi?

Nimetenga elfu themanini. Nataka kitabu kimoja au viwili vya mapishi ya kila siku, sio ya sherehe. Kingereza nasoma naelewa, ila kama kuna cha Kiswahili nitafurahi zaidi. Nitajuaje kitabu ni kizuri kabla sijatoa hela? Na hiki cha zawadi nikifanyeje?

Baba wa Wawili, Buswelu

*

Marahaba mwanangu, na hongera sana, wewe na mkeo wote wawili. Kuhusu mama hapo Magu mimi nisingebishana nae kwenye simu, siku akija Mwanza mpikie, mpakulie, akae mezani na wajukuu zake aone wanavyokula. Wamama wa rika letu wanaogopaga mtoto wa kiume anateseka, akiona hauteseki atanyamaza mwenyewe. Dada wa kazi ukimhitaji kwa ajili ya muda wako na kazi zako hilo ni jambo lingine, mtafute, lakini usimtafute kwa sababu ya macho ya watu.

Sasa kitabu. Nakuomba kabla hujaingia duka lolote ukae na karatasi uandike vitu ambavyo unanunuaga kila wiki bila kufikiria. Sato, dagaa, maharage, mchele, dona, nyanya, kitunguu, mchicha, viazi vitamu, ndizi zile zinazotoka Bukoba, mayai, karanga, nyama nusu kilo ukipata hela, nazi siku moja moja, mafuta ya alizeti, ndimu. Hiyo karatasi ndo itakuchagulia kitabu. Ukikishika dukani usianze na picha, nenda mwisho kabisa kwenye faharasa, tafuta maharage, tafuta samaki, tafuta wali, tafuta mchicha au spinachi, uone kila kimoja kina mapishi mangapi. Halafu fungua kurasa kumi bila kuchagua, kila moja jiulize hivi naweza kupika hiki kesho kwa kupitia Kirumba au Buswelu sokoni, kwenye majiko yangu mawili, kabla watoto hawajasinzia? Kama ni sita au saba kati ya kumi, kitabu hicho ni chako. Kama ni mbili, kirudishe kwenye shelfu hata kama jalada linang'aa namna gani. Na jambo lingine la kuangalia ni kama kinakwambia kwanini. Kitabu kinachosema tu weka hiki weka kile kitakufikisha kwenye hicho chakula kimoja, lakini kinachokueleza kwanini unaweka hapo na sio mwanzo, hicho utakitumia hata kwa vyakula ambavyo mwandishi hajawahi kuvisikia.

Ndo maana kitabu cha kwanza ninachokutajia ni Salt, Fat, Acid, Heat cha Samin Nosrat, kilitoka 2017. Ni dada wa Marekani mwenye asili ya Iran, alijifunzia kazi kwenye mgahawa wa Chez Panisse kule Berkeley, California, na anachosema ni kwamba chakula chochote duniani kinasimama kwa vitu vinne, chumvi, mafuta, uchachu na moto, ukivielewa hivyo unaweza kupika bila kukariri. Nusu ya kwanza ya kitabu ni maelezo, mapishi yenyewe yanakuja baadae. Na hakina picha za kamera kabisa, ni michoro ya mkono tu, kwahiyo hakuna sahani ya kukutamanisha ukaishia kujisikia vibaya kwamba yako haifanani.

Ngoja nikuoneshe kwa sato wako. Ngozi inaganda kwa sababu samaki ana maji na mafuta hayajapata moto. Mchane mistari miwili mitatu kila upande, mpake ndimu na chumvi, muache robo saa hivi chumvi iingie, hapo utaona ametoa majimaji kwenye sahani. Hayo maji ndo adui. Chukua kitambaa safi kikavu umfute kweli kweli, nje, ndani ya tumbo, mpaka kwenye ile mistari. Bandika mafuta peke yake, subiri, chovya ncha ya mwiko wa mbao, ukiona vipovu vinapanda kwa kasi kuzunguka mti ndo umuweke, umlaze taratibu kuanzia mkiani. Halafu muache. Usimguse, usimsogeze, usimchungulie kwa chini na uma, ngozi ikishakauka na kuwa ya kahawia inajiachia yenyewe, ukimsukuma kidogo na mwiko atateleza, hapo geuza. Ndimu nyingine kamulia mezani. Umeona hapo vinne vyote vipo, chumvi mapema, mafuta ya kutosha, moto uliokolea, uchachu mwisho, na kesho unaweza kufanya hivo hivo kwa sangara wa vipande au kwa kuku na ukafanikiwa. Kitabu cha namna hiyo mwanangu ni mwalimu anayekaa jikoni na wewe.

Maharage yako nayo yana sababu zake na hazihitaji kitabu cha bei. Kwanza maharage ya zamani yaliyokaa stoo muda mrefu yanachelewaga kuiva, na sokoni wanayachanganya, kwahiyo leo umepata mapya kesho ya zamani, nunua kwa muuzaji mmoja unayemwamini na muulize ya msimu gani. Pili naomba uniambie unaweka nyanya saa ngapi, kwa sababu wengi wanatupia nyanya na maharage bado magumu ili gesi isipotee bure, na uchachu wa nyanya au ndimu au ukwaju unazuia maharage kulainika, yatachemka hapo mpaka usingizi. Yaive kwanza, yalainike mpaka ukibonyeza kwa vidole yanapondeka, ndo uunge. Tatu sisi wa huku ziwani tuko juu, Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 toka usawa wa bahari na Buswelu mmepanda zaidi, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwahiyo kitabu kilichoandikwa na mtu wa pwani au wa New York kikisema saa moja, wewe ongeza muda bila kujilaumu. Loweka usiku, mwaga yale maji, bandika na maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo hasa yale mekundu kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu ya asili ya kuvuruga tumbo na moto mdogo hauimalizi, ndo upunguze. Magadi yanalainisha kweli ila yanapunguza vitamini na ladha yake unaijua, mimi kwa watoto siwekagi. Hela ikipatikana huko mbele presha kuka itakuokolea mkaa mwingi sana.

Kitabu cha pili ni cha bure na nadhani ndo kitakufaa mapema kuliko vyote. Kinaitwa Good and Cheap, kaandika Leanne Brown, alikifanya akiwa anasoma masomo ya chakula chuo kikuu New York, akakiweka kwenye intaneti 2014 mtu yeyote akipakue bila kulipa. Alikiandika kwa ajili ya watu wanaopata msaada wa chakula wa serikali ya Marekani, yaani wakati ule mtu mwenye dola 4 kwa siku za kula. Bei zake zisikusumbue ni za kule, unachokitaka ni akili yake, kwa sababu yule dada anaanza na mayai, maharage, viazi, kabichi, wali, uji, vitu vya mtu wa kawaida, halafu anakuonesha kitu kimoja kugeuzwa namna nyingi. Pakua pdf ukiwa kwenye waifai ya kazini, chagua kurasa kama ishirini zilizokuvutia, peleka stationari wakuprintie nyeusi na nyeupe, toboa, funga na kamba ning'iniza ukutani karibu na jiko. Hapo tatizo la simu kujizima na mikono ya unga limeisha.

Cha tatu ni In Bibi's Kitchen cha Hawa Hassan, aliandika pamoja na Julia Turshen, 2020. Huyu Hawa ni Msomali aliyekulia Marekani, akakusanya mapishi kutoka kwa mabibi wa nchi nane za Afrika za upande wa Bahari ya Hindi, Eritrea, Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Madagascar na Komoro. Nakipenda mno. Ukikifungua unakuta nazi, ndizi, mchicha, dengu, wali, sufuria mafigani, mtu anakupikia kwa vitu unavyovijua halafu anakupa bizari au njia ambayo hukuifikiria. Ila nikwambie ukweli, bibi zake wengi ni wa bahari, samaki wa ziwa hatumkuti sana humo, sasa wewe akisema samaki wa baharini mweka sangara kwa sababu ana nyama nene haivunjiki, na akitaka samaki mzima mdogo mweka sato.

Kuna wengi watakwambia chukua How to Cook Everything cha Mark Bittman, cha 1998 na kimerudiwa kuchapwa baadae. Ni kitabu kizuri, ukitaka kujua kuchemsha yai au kukata kabichi kimo, na kila pishi anakupa namna nyingine tatu nne za kuligeuza. Lakini ni karibu kurasa elfu moja, kizito, na kipya kitakula bajeti yako yote. Ukikikuta kwa wauza vitabu vya mtumba kwa bei ya kueleweka chukua, kikiwa kipya acha kwanza.

Cha Kiswahili umenigusa pabaya, kwa sababu natamani sana. Vile vijitabu vya mapishi vya Kiswahili ninavyokutana navyo madukani vingi vinaegemea pwani na sherehe, pilau, biriani, sambusa, keki, vitamu lakini Jumanne jioni hauviwezi. Na michembe na matobolwa (viazi vitamu vya kukausha), nsansa (majani ya kunde ya kukausha), mlenda wa karanga, vyakula vyetu kabisa huku Usukumani, ni nadra sana kuviona kwenye karatasi. Ushauri wangu ulizia vitabu vya shule vya Sayansi Kimu, lile somo la mapishi na kutunza nyumba, hata vya zamani, vya mtumba. Watu wanavidharau kwa sababu ni vya wanafunzi lakini vinafundisha kwa Kiswahili safi kupima, kuchemsha, kukaanga, kutunza chakula, makundi ya vyakula kwa mtoto, na vinatumia jiko kama lako. Pita pia Maktaba ya Mkoa pale mjini ukaangalie kabla ya kununua chochote.

Kitabu cha zawadi usikitupe wala usimpe mtu. Kwanza kijue kinavyopima. Kikombe cha Marekani ni mililita 240, sio kile kikombe chako cha chai ambacho kinaweza kubeba mia tatu na kitu. Chukua chupa ya maji ya nusu lita tupu, weka alama ya kalamu chini kidogo ya katikati, hapo ndo kikombe kimoja. Kijiko kikubwa chao ni mililita 15, kidogo 5. Stiki ya siagi ni gramu 113. Ile 350 ni farenhaiti, kwetu ni kama nyuzi 177, moto wa kati tu. Halafu ruka sura za keki na za kuoka nyama, nenda kwenye supu, mboga, wali, nyama za kupika kwenye sufuria, utashangaa robo nzima ya kitabu haihitaji oveni. Krimu weka tui la nazi kwenye mchuzi, au maziwa mgando uliyochuja kwenye kitambaa kwenye vitu vya baridi. Spinachi weka mchicha, parsley weka giligilani, divai nyeupe kamulia ndimu na maji kidogo. Na siku watoto wakililia keki, inaoka kwenye sufuria nzito juu ya jiko la mkaa, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, ukikosea ni hapo tu, watu wanapalia moto chini keki inaungua kitako na katikati mbichi.

Lakini mwanangu kuna kitabu ambacho hakipo dukani na ndo ninachokitaka zaidi kwako. Madhur Jaffrey, yule mama wa Kihindi aliyekuja kuwafundisha Waingereza na Wamarekani mapishi ya kwao, alienda London miaka ya 1950 kusomea uigizaji akiwa hajui kupika kabisa. Chakula cha kule kikamshinda, akamwandikia mama yake Delhi amuelekeze, na mama akawa anamjibu kwa barua za ndege, pishi moja moja, yeye anajaribu huko ugenini. Kitabu chake cha kwanza kikatoka 1973. Sasa wewe una mke Dodoma na una simu. Najua atakuwa amechoka na masomo, lakini mwombe mara moja kwa wiki akutumie sauti ya dakika tatu, sio ya kukusimamia, ya kukuelekeza pishi moja ambalo watoto walikuwa wanalipenda akiwepo. Wewe unasikiliza, unaandika kwenye kaunta buku, unapika, halafu unarudi kuandika pembeni kilichotokea kwenye jiko lako. Na hapo kwenye kuandika kuwa mkali. Mkeo atasema chumvi kiasi, mama yako atasema maji ya kutosha, usiandike hivo. Pima. Siku ya kwanza weka chumvi kwa kijiko cha chai kidogo kidogo ukionja, ikifika andika ulipofikia, mchele kilo moja maji vikombe vingapi, moto wa gesi au mkaa, dakika ngapi. Umeniuliza kiasi ndo ngapi, jibu litatoka kwenye hilo daftari, kwa sufuria yako na ulimi wa watoto wako, mwandishi wa mbali hawezi kukupa.

Mama Magu nae usimuache nje. Mpigie mwambie mama nielekeze nsansa yako, nielekeze matobolwa, nielekeze ugali wa udaga (ule wa muhogo) unavyosongwa usiwe na madonge. Hapo hatakuwa na nafasi ya kukwambia utafute dada, atakuwa anakufundisha.

Na dagaa za yule mdogo. Anachochoka nadhani ni mchuzi ule ule, kwa hiyo ubadilishe. Nunua waliokaushwa kwenye chanja, hawana mchanga kama wale wa kuanikwa chini, toa vichwa, osha na maji ya vuguvugu mpaka maji yawe meupe, wakaange wakavu bila mafuta kwenye kikaango mpaka waanze kulia vikisagika. Toka hapo una njia tatu tofauti kabisa. Leo kaanga kitunguu, tangawizi, nyanya, tui la nazi, rudishia dagaa mwisho kabisa dakika chache wasilainike wote. Siku nyingine saga karanga zilizokaangwa, koroga na maji ya moto iwe nzito, ipike na nyanya chungu mpaka mafuta yapande juu, mwagia dagaa. Siku ya tatu waache wakavu hivo hivo, changanya na kachumbari ya kitunguu, nyanya, pilipili kwa mkubwa, ndimu nyingi, kula na viazi vitamu vya kuchemsha. Dagaa ni huyo huyo, anawapa watoto kalsiamu kwa sababu wanamla na mifupa yake, lakini mezani ni vyakula vitatu. Ukiona mkubwa ameacha kubakiza andika tarehe na pishi kwenye kaunta buku.

Sasa elfu themanini yako, mimi ningefanya hivi. Pdf ni bure na kuprinti hazifiki hela nyingi. Sayansi Kimu ya mtumba ikipatikana chukua. Salt, Fat, Acid, Heat uliza madukani mjini kati, kama hakipo mtume mtu anayekuja kutoka Dar au Nairobi akutafutie kilichotumika, usikubali kupigwa bei ya kipya. In Bibi's Kitchen subiri, mwambie mkeo iwe zawadi ya siku atakayofunga chuo. Hela itakayobaki nunua mizani ndogo ya jikoni ya betri inayopima mpaka gramu, kwa sababu fungu la nyanya la leo sio la kesho na kisado cha huyu sio cha yule, ukiwa na mizani pishi lolote la kitabu chochote unaweza kulirudia. Angalia tu inazima na kuwaka vizuri hapo hapo dukani, pima nayo pakti ya chumvi ya nusu kilo uone kama inasoma sawa, ndo utoe hela.

Shangazi